Kituo cha sanaa cha kijiji Lamu: mwongozo kamili wa kujenga kwa mawe, chokaa, boriti na makuti

Jengo la jamii huku kwetu hufa siku kitu cha kwanza kinapoharibika na kijijini hakuna wa kukitengeneza. Dirisha la alumini limevunjika bawaba, kipuri kiko Mombasa. Nondo imeota kutu ndani ya lenta, zege linabanduka vipande vipande, na mfadhili aliyekuja kukata utepe ameshasahau hata jina la kijiji. Baada ya miaka michache mbuzi ndio wenye ukumbi.

Mwongozo huu ni wa kamati ya kijiji kama Matondoni, Kipungani, Siyu au Mkunumbi inayotaka mahali pa kusukia ukili, kuchongea milango, kufanyia mazoezi ya kasida na kirumbizi (mchezo wa fimbo), na kuwafunzia vijana kazi za wazee wao. Katika kila hatua ulizeni swali moja: hiki kikiharibika, nani wa hapa hapa atakitengeneza, na kwa kitu gani? Mkikosa jibu, badilisheni mchoro.

Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho: karakana tatu zilizopangwa kwa mstari, ukumbi wa wazi wa makuti wa mita 8 kwa 12, uwanja katikati, birika la maji ya mvua na vyoo. Mji wa kale wa Lamu, ulioingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2001, una masharti yake peke yake. Kama kiwanja chenu kiko ndani ya mji au mpakani mwake, pitieni kwanza ofisi ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya pale Lamu kabla ya kuchimba hata shimo la mti.

Hatua ya 1: Ardhi kwanza, mchoro baadaye

Pwani watu wamezika babu zao mahali ambapo hawana karatasi napo. Msijenge jengo la kudumu juu ya ahadi ya mdomo, hata kama mwenye ardhi ni mjomba wenu. Mjomba ana watoto, na watoto wana maoni.

Njia ninayoipenda mimi ni wakfu. Mtu akitoa kiwanja kuwa wakfu kwa manufaa ya kijiji, kwa maandishi na mbele ya mashahidi, hakiuzwi wala hakirithiwi. Muoneni kadhi na Tume ya Wakfu ili iandikwe ipasavyo, na hati itaje waziwazi matumizi: mafunzo, kazi za mikono, mikutano. Wazee wengine hawatakubali ngoma ipigwe kwenye ardhi ya wakfu, na ni afadhali ubishi huo uishe mkekani kuliko uzuke siku ya ufunguzi. Ardhi ikiwa ni ya jamii nzima, Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 ndiyo inayotumika, na itabidi jamii iwe imesajiliwa. Kikundi chenyewe kisajiliwe chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, kwa sababu bila cheti hamtafungua akaunti ya benki.

Vibali vingine ni vya kawaida: ruhusa ya ujenzi kutoka kaunti, kibali cha mamlaka ya mazingira (NEMA), usajili wa mradi kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, na michoro iliyotiwa sahihi na mtaalamu aliyesajiliwa. Mtafuteni mhandisi aliyewahi kushughulika na kuta za mawe na chokaa. Asiyezijua atawaandikia nguzo za zege kila mita tatu kwa sababu hicho ndicho alichofundishwa.

Hatua ya 2: Keti na kiwanja

Nendeni kiwanjani wakati wa bamvua kubwa, maji yakiwa yamejaa kabisa, mpige vigingi pale yanapoishia. Waulizeni wazee yaliwahi kufika wapi zaidi ya hapo. Jengo likae juu ya alama hiyo kwa nafasi ya kutosha. Kisha chimbeni shimo la mita moja na nusu mwone maji ya chini yako umbali gani, kwani mambo mawili yanategemea jibu hilo: msingi na choo.

Upepo mnaujua. Kaskazi inavuma kuanzia Desemba hadi Machi kutoka kaskazini mashariki, kusi inashika kuanzia Aprili mpaka Septemba kutoka kusini mashariki na mvua zake, na katikati kuna tanga mbili ambapo jani halitikisiki na watu hulala barazani. Jengo lifanyiwe hesabu ya siku hizo za tanga mbili; siku za upepo litajitunza lenyewe.

Jua nalo ni rahisi. Lamu iko nyuzi 2 na kidogo kusini mwa ikweta, kwa hivyo saa sita mchana jua liko karibu utosini mwaka mzima, likiegemea kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba. Kuta zinazoteseka ni za mashariki na magharibi. Ulazeni urefu wa jengo mashariki–magharibi, na ncha hizo mbili zibaki fupi na zisiwe na madirisha. Waliotutangulia walifanya vivyo hivyo, na kulikuwa na sababu ya pili: kutoka Lamu, kibla iko karibu kaskazini kabisa, na nyumba nyingi za kale zimeelekezwa huko. Jengo lililolala mashariki–magharibi linaweza kusaliwa safu zikiwa zimenyooka, na mashimo ya vyoo yatawekwa mashariki–magharibi ili mtu asielekee kibla wala kuipa mgongo. Mkilisahau hili kwenye mchoro, choo kitajengwa na hakitatumika.

Hatua ya 3: Boriti ndiyo iamue upana

Vyumba vya nyumba za kale za Lamu ni virefu na vyembamba, kama mita mbili na nusu hadi tatu, kwa sababu boriti ya mkoko haivuki salama zaidi ya hapo. Tunaweza kulipinga hilo kwa kuleta chuma, au tulifuate. Mimi nasema tulifuate. Karakana yenye upana wa mita 2.6 na urefu wa mita 6.5 inamtosha fundi wa kuchonga na wanafunzi wanne, au akina mama kumi waliokaa mikekani. Shughuli ya watu wengi ipelekwe kwenye ukumbi wa wazi, ambako nguzo hazimuudhi mtu.

Panga karakana tatu kwa mstari, zote zikifungukia upande wa uwanja, na mbele yake ukumbi mdogo wenye kivuli wa upana wa mita mbili. Kazi nyingi zitafanyika hapo nje, si ndani.

Kabla ya kuchora madirisha, itisheni mkutano wa akina mama peke yao. Katika mkutano wa wote watasema "sawa" na kuondoka. Wakiwa peke yao watawaambia kwamba msusi wa ukili hukaa chini, na dirisha linaloanzia mita moja kutoka sakafuni humpelekea upepo juu ya kichwa na mwanga mgongoni. Kizingiti kiwe sentimita 40 tu kutoka sakafuni, dirisha liwe refu kwenda chini, na lifungwe kwa mbao za mlazo ili hewa ipite hata likiwa limefungwa. Mchonga milango naye huketi chini, akikamata ubao kwa miguu. Upande wa pili wa chumba, juu karibu na dari, acheni safu ya matundu ukutani: hewa baridi iingie chini, ya moto itoke juu.

Watawaambia pia kwamba hawataki kuonekana na kila mpita njia. Jibu tunalo tayari. Mlango mkubwa uingilie kwenye daka, yaani ukumbi mdogo wa mlangoni, lenye baraza mbili, na kutoka daka mtu akate kona kabla ya kufika uwanjani. Mgeni anakaribishwa, anaketi, anapewa kahawa, na bado hajaona ndani.

Hatua ya 4: Vifaa, na maswali ya kuwauliza wauzaji

Saruji inayofika vijiji vya visiwani imepanda lori hadi gati ya Mokowe, ikapanda mashua, kisha ikapanda punda. Mfuko mmoja unalipiwa nauli mara tatu. Hiyo pekee ingetosha kutufanya tuangalie vya karibu, hata kabla ya kuingia habari za hewa ya ukaa. Lakini "cha asili" si lazima kiwe salama kwa mazingira, na hapa ndipo miradi mingi hujidanganya.

Mawe. Mawe ya ukuta yachimbwe nchi kavu, kwenye matumbawe ya kale yaliyokwisha kuwa mwamba. Machimbo ya Maweni kisiwani Manda ndiyo yanayojulikana zaidi. Zamani mafundi walikata pia matumbawe mabichi kutoka baharini kwa ajili ya nakshi, maana yakiwa mabichi hukatika kwa urahisi. Hilo tuliache. Mwamba hai ndio nyumba ya samaki tunaowala. Mnapotaka zidaka (vishubaka vya ukutani) za nakshi, chongeni kwenye lipu ya chokaa. Inakubali patasi vizuri na kijana anaweza kujifunzia hapo.

Boriti. Zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya iko Lamu, na Huduma ya Misitu ya Kenya ndiyo inayotoa leseni za kukata. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti misituni mwaka 2018, wakataji wa Lamu walikaa bila riziki hadi marufuku yalipolegezwa, kwa hivyo msinunue kwa mtu asiye na karatasi. Mtakuwa mnawaharibia wenye leseni. Pangeni orodha kwa majina ya sokoni, yaani fito, pau, boriti na nguzo, kila moja kwa idadi yake, na msiagize nene pale ambapo nyembamba inatosha. Kwa dari ya chumba cha mita 2.6, boriti za mita 3 zikiwekwa kila sentimita 35 ni kama 19 kwa chumba, yaani 57 kwa karakana zote. Mkizilinda na mvua na kuacha hewa izizunguke, mchwa hawazipendi, na wajukuu watazikuta.

Kwa kombamoyo (miti ya mteremko wa paa) na kenchi za ukumbi, tumieni mvinje wa kupandwa. Wakulima wa Malindi na Kilifi wanaupanda kwa wingi, unakua haraka, na kila mti wa mvinje ni mkoko mmoja uliosalimika. Shida yake ni wadudu watoboao, kwa hivyo ubanduliwe magome, ukauke kivulini, na upakwe dawa ya boraksi kabla ya kupanda juu. Mnazi mkongwe usiozaa tena nao hutoa mbao ngumu kwa nguzo na ngazi.

Chokaa. Hapa pana mtego. Jiwe la matumbawe halichomeki mpaka lifike joto la karibu nyuzi 900, na kwenye tanuu la wazi hilo ni kuni nyingi mno. Muulizeni mchomaji anachoma kwa miti gani. Akijibu mikoko, tafuteni mwingine, au nunueni chokaa ya mifuko dukani muiloweke wenyewe. Njia nyingine ni kuipunguza: kuta za ndani zinaweza kujengwa kwa udongo mwekundu katikati na chokaa usoni tu. Nyumba nyingi za kale zilizobomoka zinaonyesha udongo tumboni mwa ukuta, na zilisimama vizazi.

Mchanga. Usitoke ufuoni wala kwenye matuta ya Shela, ambayo ndiyo yanayohifadhi maji matamu ya Lamu. Uchukuliwe bara, kwenye machimbo yenye kibali. Jaza chupa ya kioo theluthi moja mchanga, ongeza maji, tikisa, acha hadi kesho. Tope likiketi juu ya mchanga kwa tabaka nene, mchanga huo ni wa kuoshwa. Chumvi haihitaji kifaa: weka chembe kwenye ulimi.

Plastiki iko ufuoni bure. Mafundi wa jahazi la Flipflopi, lililozinduliwa Lamu mwaka 2018, walionyesha kwamba takataka hizo zinaweza kugeuzwa mbao za kuundia chombo cha kwenda baharini. Kwa kituo, mbao za namna hiyo zinafaa mabenchi ya uwanjani. Msizitumie kubeba paa; zinapinda kwenye joto.

Hatua ya 5: Kuzima chokaa

Anzeni hatua hii miezi mitatu kabla ya kuweka jiwe la kwanza. Ni hatua ambayo kila mtu anataka kuiruka.

Chimbeni mashimo mawili, la juu dogo na la chini kubwa, yote yamejengewa mawe pembeni. Shimo la juu litiwe maji kwanza, kisha mawe yaliyochomwa yaingizwe kidogo kidogo kwa koleo refu. Msimwagie maji juu ya chokaa kavu, italipuka usoni. Ikishaingia majini, jiwe linakaa kimya kidogo, halafu linaanza kulia, linapasuka, maji yanachemka na mvuke unapanda. Mtu mmoja akoroge kwa mti mrefu akiwa amevaa miwani ya kazi, glavu na viatu vya mpira. Watoto wakae mbali. Ndoo mbili za maji safi ziwe karibu kwa ajili ya macho, na jicho likiingiwa lioshwe kwa robo saa nzima kisha mtu apelekwe zahanati.

Ikitulia, uji huo upitishwe kwenye wavu wa chuma uteremke shimo la chini, na punje zisizoyeyuka zitupwe. Zikibaki, zitakuja kulipuka ndani ya lipu baada ya miezi na kuacha vishimo kama vya ndui. Chokaa ibaki chini ya maji kiasi cha kiganja, ifunikwe kwa makuti. Mwezi mmoja ndio mwisho wa chini. Mitatu ni bora, na masika ni wakati wake mzuri kwa sababu kazi nyingine hazifanyiki. Iko tayari pale mwiko unapozama bila kugusa punje na ukitoka unang'aa.

Hatua ya 6: Msingi na kuta

Msingi uende chini hadi ardhi ngumu, upana wa sentimita 60 kwa ukuta wa 45. Hapa, penye unyevu wa chini, nakubali saruji kidogo, pamoja na ukanda wa kuzuia unyevu usipande ukutani. Sioni haya kusema hivyo: birika pia litahitaji saruji. Saruji ina mahali pake, na mahali pake si juu ya mawe ya matumbawe kama lipu. Ukuta wa matumbawe hupumua. Ukiuziba kwa lipu ya saruji, unyevu na chumvi hukwama nyuma yake, na baada ya misimu kadhaa lipu inatoka kwa bamba zima pamoja na uso wa jiwe. Tembeeni mjini muangalie nyumba zilizokarabatiwa kwa haraka, mtaona wenyewe.

Mchanganyiko ni debe moja la chokaa kwa matatu ya mchanga, ukipondwa na kugeuzwa mpaka ushike bila kuongeza maji. Waashi waliozoea saruji watataka kuongeza maji. Wazuieni. Mawe yalowanishwe kabla ya kuwekwa. Ukuta upande nusu mita hadi mita moja, kisha usubiri siku kadhaa. Chokaa hukomaa kwa kuvuta hewa, na haraka haiisaidii. Kila mita moja hivi wekeni jiwe refu linalovuka unene wote wa ukuta, la sivyo nyuso mbili zitaachana tumbo likafura. Juu ya milango, lenta ya boriti tatu au nne zilizolazwa pamoja inatosha. Mhandisi akishikilia mkanda wa zege juu ya kuta, fanyeni, lakini kwa mchanga uliooshwa, na nondo zifunikwe kwa zege lisilopungua sentimita 4 kila upande.

Lipu ipigwe kwa mikono mitatu: wa kwanza milimita 10, wa pili 8, wa mwisho 3, na wiki moja au zaidi kati ya mkono na mkono. Kaskazi ikivuma, tundikeni magunia mabichi mbele ya ukuta na muulowanishe asubuhi na jioni. Ukuta uliokauka kwa siku moja utapasuka kwa nyufa nyembamba, na hapo hakuna dawa ila kubandua.

Hatua ya 7: Paa mbili, kazi mbili

Ukumbi uezekwe makuti, karakana ziezekwe mabati. Najua mabati hayapendezi. Lakini maji ya kunywa hayavunwi kwenye makuti, na zana za watu zinahitaji chumba kinachofungika na kisichoshika moto.

Kwenye karakana, lazeni boriti kuwa dari, juu yake fito zilizobanana na tabaka jembamba la chokaa. Mabati yakae juu zaidi, yakiachana na dari kwa nusu mita au zaidi, ncha zote mbili zikiwa wazi kwa wavu wa kuzuia popo. Joto la bati linapeperushwa hapo kabla ya kufika chumbani. Wale wanaojenga dari nene ya chokaa ikawa ndiyo paa lenyewe wanatafuta uzuri wa zamani na kazi ya zamani: dari hiyo ni nzito, huvuja ikipasuka, na mafundi wanaoweza kuigonga ipasavyo wamebaki wachache.

Ukumbi wa mita 8 kwa 12 uwe na safu mbili za nguzo ndani, zikiacha njia ya mita 4 katikati na mita 2 kila upande. Hapo hata pau fupi zinafika. Mteremko usiwe chini ya nyuzi 45, maana makuti hayazuii maji, yanayaharakisha. Paa lililolala likikaa na maji litaoza kabla ya miaka mitatu, lililosimama litafika mitano hadi saba.

Hesabu ya makuti ifanyeni wenyewe. Paa likitokeza sentimita 80 kila upande, eneo la chini ni mita 9.6 kwa 13.6, kama mita za mraba 131. Zidisha kwa 1.41 kwa sababu ya mteremko, unapata 184. Kuti lililoshonwa la urefu wa mita moja, likipangwa kila sentimita 10, ni makuti 10 kwa kila mita ya mraba. Pamoja na yatakayoharibika, agizeni 2,000. Muuzaji atawashauri mpange kila sentimita 15 mnunue 1,300 tu. Paa litaonekana zuri siku ya harusi ya kwanza, na masika ya pili mtahesabu nyota kupitia mapengo. Kabla ya kupokea mzigo, shika kuti moja kwa ncha mbili ulipinde: majani yakivunjika, yalikauka juani kupita kiasi; yakiteleza kutoka kwenye ufito, mshono ni wa kupunguza kamba. Kamba ya makumbi ndiyo ya kufungia, kwa sababu inakubali upepo bila kukata na haioti kutu.

Kwa sauti, makuti hayana mpinzani. Mawe na lipu hurudisha mwangwi, na kwenye chumba kitupu maneno ya kasida hugongana. Chini ya makuti sauti hunywewa, na msikilizaji wa nyuma anasikia kila silabi.

Moto ndio hofu. Jiko liwe mbali kwa mita 15 hivi, upande ambao upepo wake hauvumi kuelekea ukumbi. Nyaya zisipite ndani ya makuti kabisa. Njia za kutokea ziwe pande zote, na mapipa mawili ya maji na ndoo zake yasiguswe kwa kazi nyingine.

Hatua ya 8: Maji na vyoo

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mabati la mita 22 kwa 6 lina mita za mraba 132. Mvua ya Lamu ni karibu milimita 900 kwa mwaka, na ukitoa sehemu ya tano inayopotea, mnapata kama lita 95,000. Hata hivyo nyingi hunyesha Aprili hadi Juni, na kiu huja Januari. Kwa matumizi ya lita 300 kwa siku na ukame wa siku 100 mnahitaji lita 30,000. Jengeni birika la mita 3 kwa 6 kwa kina cha 2, libaki na akiba. Vijiji vya Lamu Mashariki vinayajua mambo haya kupitia jabia zao, yaani mabirika ya kukingia mvua, kwa hivyo mafundi wa birika hamtawakosa. Mvua ya kwanza ya msimu imwagwe nje, kwani inaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Birika lifunikwe, tundu liwe na wavu. Samaki wadogo ambao wazee waliwafuga kwenye mabirika ya misikiti wale viluwiluwi vya mbu bado wanafanya kazi hiyo bila mshahara.

Shimo la choo kwenye ardhi ya mchanga yenye maji ya karibu ni sumu kwa kisima. Weka mita 30 kati yao kwa uchache, au bora jengeni choo kikavu kilichoinuliwa juu ya ardhi, chenye vyumba viwili vinavyopokezana. Vyoo hivi vimeletwa Pwani mara nyingi na mara nyingi vikaachwa, kwa sababu mchoraji hakufikiri kwamba watu wetu hustanji, yaani hujisafisha baada ya haja, kwa maji. Maji yakiingia kwenye chumba kikavu, mboji inakuwa tope na harufu inafukuza watu. Tengeni mahali pa kustanjia hatua moja kando ya tundu, palipo na sakafu yenye mteremko wake na mfereji unaopeleka maji kwenye kitanda cha kokoto na migomba. Hilo likifanyika, choo kitatumika.

Umeme nitaupita haraka. Taa 8 za wati 9 kwa saa 5, spika ya wati 200 kwa saa 3 na kuchaji simu ni chini ya uniti moja na robo kwa siku. Paneli za wati 400 na betri ya lithiamu zinatosha. Ziwekwe kwenye mabati, kwa skrubu zisizoshika kutu, na kijana mmoja na binti mmoja wafundishwe kuzihudumia kabla fundi hajaondoka na mashua.

Hatua ya 9: Kalenda ya kazi na ya matengenezo

Mawe na boriti ziletwe kati ya Novemba na Machi, bahari ikiwa na adabu. Masika ni ya chokaa kulala shimoni na seremala kutengeneza milango kivulini. Kuta zianze Julai, paa zikamilike kabla ya masika ya mwaka unaofuata. Angalieni Ramadhani inaangukia wapi, msipange kupandisha mawe mchana wa kufunga.

Kila fundi mkuu aajiriwe kwa sharti la kuwa na wanafunzi wawili wa kijiji, na ujira wa wanafunzi uandikwe kwenye bajeti tangu mwanzo. Ukuta wa choo wajenge wao, chini ya jicho lake.

Baada ya hapo, kituo kiwe na daftari. Kila mwaka kabla ya masika: kupaka chokaa kuta za nje, kuziba nyufa, kusafisha mifereji na birika, kukaza kamba za paa. Makuti yasingoje kuisha yote. Kipaa cha kusini, kinachopigwa na kusi, huchakaa kwanza, kwa hivyo kibadilishwe peke yake, na cha kaskazini mwaka mmoja au miwili baadaye. Makuti 2,000 kwa miaka sita ni kama 330 kwa mwaka, na yanaweza kuwa ndiyo kodi ya vikundi: kila kikundi kinachotumia ukumbi kilete makuti yaliyoshonwa badala ya pesa. Mzigo wa kwanza upokelewe mwezi wa kwanza wa matumizi, uhifadhiwe chini ya mabati ukiwa umeinuliwa kutoka sakafuni, na mwenye daftari aandike nani ameleta mangapi.